Lisemwalo Lipo: Imani, Shaka na Lugha ya Utabiri wa Mwisho wa Dunia katika Nchi ya Wagusii

Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja." Aghalabu hutumiwa kumwonya mtu asipuuze uvumi. Ikichunguzwa kwa makini, lakini, methali hiyo huonekana kuwa ni kanuni kamili ya utabiri. Neno likithibitika, lilikuwapo; lisipothibitika, lingali njiani. Haiji siku ambayo aliyelisema atahesabiwa kuwa amesema uwongo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi katika utabiri wa mwisho wa dunia, na jinsi watu wa Kisii na Nyamira, katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, walivyoupokea utabiri huo kwa imani na kwa shaka tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Nchi hiyo imechaguliwa kwa sababu humo zimekutana mila mbili za utabiri: ile ya manabii wa Wagusii wenyewe na ya majirani zao, na ile ya Ukristo wa Kisabato, ambao asili yake ni matarajio ya kurudi kwa Yesu katika siku iliyotajwa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba imani na shaka si kambi mbili zenye watu mbalimbali. Mara nyingi hukaa katika nafsi moja, na lugha ndiyo inayozipa zote mbili makazi. Aidha, tofauti kati ya utabiri unaoweza kuishi na watu kwa karne nzima bila kuwadhuru na ule unaowaangamiza haiko katika ukubwa wa imani yao. Iko katika mambo mawili yanayoweza kuchunguzwa katika maneno yenyewe: kama yanataja siku, na kama yanamtaka msikilizaji atende jambo lisiloweza kutenguliwa.

Istilahi

Kiswahili kina maneno kadhaa katika uwanja huu, na kila moja lina historia yake. Kutabiri kunatokana na neno la Kiarabu lililohusu hasa ufasiri wa ndoto. Kubashiri kulikuwa ni kutoa habari njema, ingawa leo mtu hubashiri mema na mabaya pia. Kuagua ni neno la Kibantu, na humhusu mganga anayetafuta chanzo cha jambo ambalo limekwisha kutokea: maradhi, mkosi au kifo. Kwa hiyo mwaguzi hutazama nyuma ilhali mtabiri hutazama mbele. Kiyama nacho kimechukuliwa kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kusimama, yaani kufufuka kwa wafu; msemaji wa kawaida husikia humo maangamizi tu. Ufunuo umetokana na kitenzi funua, kama vile jina la Kigiriki la kitabu hicho lilivyotokana na kufunua kilichofichwa.

Katika Ekegusii, omoragori ni mwaguzi, na omobani ni nabii. Omoragori huendewa na mtu mwenye shida, naye hujibu swali la mtu huyo. Omobani huzungumza na nchi nzima hata kama hakuulizwa. Tofauti hii ina uzito katika suala la shaka. Asiyeridhika na jibu la mwaguzi mmoja anaweza kwenda kwa mwingine, akalinganisha majibu. Maneno ya nabii hayana njia nyepesi kama hiyo ya kupimwa, kwa kuwa aghalabu yanahusu mambo ambayo yeye mwenyewe hatakuwapo kuyaona.

Wakati ujao na hoja ya Mbiti

Haiwezekani kuzungumzia mwisho wa dunia katika lugha za Kiafrika bila kuitaja kazi ya John Mbiti. Katika vitabu vyake vya mwaka 1969 na 1971, Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuwa istilahi za falsafa. Akitegemea hasa nyakati za vitenzi vya Kikamba, alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali haupo. Kilichopo ni muda mfupi usiozidi miaka miwili hivi. Wamisionari walipohubiri kurudi kwa Yesu, wasikilizaji wao, kwa maoni ya Mbiti, waliliweka tukio hilo ndani ya muda huo mfupi, na lilipochelewa walibaki na imani isiyo na mahali pa kutulia.

Hoja hii ilikuwa na manufaa makubwa, kwani iliwalazimisha wanateolojia kuichunguza lugha ya wasikilizaji. Hata hivyo, ina kasoro inayoweza kuonekana katika Kiswahili chenyewe. Msemaji wa Kiswahili hutumia kiambishi kimoja, -ta-, katika "nitakuja kesho" na katika "wafu watafufuliwa". Hakuna anayedhani kwamba Mswahili hawezi kutofautisha kesho na kiyama. Umbali wa wakati huelezwa kwa vielezi, kwa muktadha na kwa aina ya mazungumzo. Upungufu wa viambishi si upungufu wa mawazo, na wingi wa viambishi nao si uthibitisho wa falsafa. Ekegusii kina mfumo wa nyakati ulio mpana kiasi cha kumfanya W. H. Whiteley auandikie utafiti wa pekee mwaka 1960. Lakini haitoshi kuhesabu nyakati hizo ili kujua Mgusii aliwaza nini juu ya mwisho. Yapasa kutazama aliyoyasema. Nao Wagusii walikuwa na masimulizi ya mambo ya mbali yatakayokuja kabla hawajahubiriwa na mmisionari yeyote, ikiwa masimulizi yao yenyewe yataaminiwa. Hapo ndipo tatizo la kwanza linapojitokeza.

Sakawa na tatizo la sentensi isiyozeeka

Nabii mashuhuri kuliko wote katika kumbukumbu za Wagusii ni Sakawa wa Nyakoe, aliyeishi Kitutu katika karne ya kumi na tisa. Eneo hilo la Kitutu leo limegawanyika baina ya kaunti mbili: Kitutu Chache iko Kisii na Kitutu Masaba iko Nyamira. Inasimuliwa kwamba Sakawa alitabiri kuja kwa watu weupe, akasema kwamba watawapokonya mashujaa silaha zao, na kwamba watajenga mji mahali paitwapo Getembe. Mji huo ndio Kisii ya leo, ambao wenyeji huuita pia Bosongo. Inasimuliwa vilevile kwamba alisema watu hao wataondoka.

Mtafiti mwenye shaka atauliza mara moja: maneno haya yaliandikwa lini? Masimulizi yaliyopo yalikusanywa baada ya Waingereza kufika na mji kujengwa. Hakuna shahidi aliyeyaweka kwenye karatasi kabla ya tukio. Kwa hiyo sehemu inayohusu kuja kwa Wazungu haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Hali ni hiyo hiyo kwa utabiri wa nyoka wa chuma unaosimuliwa miongoni mwa Wakikuyu na Wanandi. Katika masimulizi ya aina hii nabii husema katika wakati ujao, lakini msimulizi husimama katika wakati uliopita na anajua mwisho wa hadithi.

Sehemu ya pili, ya kuondoka kwa Wazungu, ina mafunzo zaidi kwa mwanaisimu. Katika Kiswahili usemi wa taarifa kwa kawaida huhifadhi kiambishi cha wakati ujao: "Sakawa alisema Wazungu wataondoka." Kitenzi cha kwanza kiko katika wakati uliopita, cha pili hakionyeshi kama kuondoka huko kulikuwa mbele ya Sakawa tu au kungali mbele ya msikilizaji wa leo. Sentensi hiyo inaweza kusemwa katika mwaka wowote bila kubadilishwa hata silabi moja.

Historia ya nchi ya Wagusii inaonyesha jinsi ilivyotumika. Mwezi wa Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuingia Kisii, na maofisa wa Kiingereza wakaiacha boma. Kwa siku chache serikali haikuwapo. Watu walipora boma pamoja na misheni za Nyabururu na Nyanchwa. Kwa waliokumbuka maneno ya Sakawa, utabiri ulikuwa umetimia mbele ya macho yao. Muda si muda Waingereza walirudi, na adhabu yao ilikuwa kali. Mifugo mingi ilichukuliwa. Kwa mantiki ya kawaida utabiri ulikuwa umeshindwa. Lakini sentensi haikuwa imeshindwa, kwani haikutaja siku. Ilisogea mbele tu. Baada ya vita hivyo ikaanza kusemwa kwamba Sakawa mwenyewe atarudi. Na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, sentensi ile ile ikawa kweli kwa mara ya pili.

Haifai kuwabeza wasikilizaji wa 1914 kwa kuamini waliyoyaona. Wala haifai kumsifu nabii kwa yaliyotokea 1963, kwani utawala wowote wa kigeni usiotajiwa siku ya kuondoka utaondoka siku moja. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba uimara wa utabiri huo ulitokana na umbo lake la kisarufi.

Mumbo na gharama ya kuamini

Utabiri wa Sakawa, kama unavyosimuliwa, uliarifu yatakayokuja. Harakati ya Mumbo iliongeza jambo jingine, nalo ni amri. Mwaka 1913 huko Alego, katika nchi ya Wajaluo, Onyango Dunde alidai kwamba joka kubwa lilitoka ziwani, likammeza, kisha likamtapika na kumpa ujumbe. Kwa mujibu wa taarifa za maofisa wa kikoloni, Mumbo aliwataka wafuasi wake waache kulima na wachinje mifugo yao, kwa kuwa yeye angewapa mingine kutoka ziwani. Wavae ngozi na wasikate nywele. Waiache dini ya Wazungu, ambao mwisho wao ulikuwa umekaribia. Ujumbe huo ulienea kusini hadi kwa Wagusii, na huko ukaungana na kumbukumbu za Sakawa. Serikali iliwaona viongozi wake kuwa ni hatari kiasi cha kuwahamishia baadhi yao Lamu mwaka 1921.

Yafaa kukumbuka jinsi maneno haya yalivyotufikia. Yalisemwa kwa Kijaluo au Ekegusii, yakapita katika vinywa vya wakalimani, yakaandikwa kwa Kiingereza na maofisa waliokuwa na haja ya kuonyesha kwamba walikuwa wakipambana na wazimu. Bethwell Ogot na William Ochieng', katika makala yao ya mwaka 1972, waliugeuza mtazamo huo na kuiona harakati ya Mumbo kuwa ni upinzani dhidi ya ukoloni; Audrey Wipper aliendeleza uchunguzi wake katika kitabu cha mwaka 1977. Kwa hakika watu hao hawakuwa na haja ya kungoja mwisho wa dunia, kwa maana ulimwengu walioujua ulikuwa umekwisha kuanguka. Wazee wao walikuwa wameona misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908. Walikuwa wamesikia habari za Otenyo, aliyemchoma mkuki ofisa Northcote mwezi wa Januari 1908 kwa kuhimizwa na mwaguzi Moraa, na ya kwamba Otenyo aliuawa kwa kitendo hicho. Baadaye zilifuata kodi, uchukuzi wa mizigo ya vita, na homa kuu ya 1918.

Hata hivyo, kuuelewa msingi wa kisiasa wa imani hakuondoi swali la gharama yake. Aliyechinja mbuzi wake kwa ajili ya Mumbo aliweka rehani kitu ambacho asingeweza kukirudisha. Hapa ndipo ulinganisho na Waxhosa wa Afrika Kusini unapofaa. Mwaka 1856 msichana Nongqawuse alitangaza kwamba wafu watafufuka na Wazungu watafukuzwa ikiwa ng'ombe wote watachinjwa na nafaka itaharibiwa. Siku iliyowekwa ilipita mwezi wa Februari 1857 bila ya kitu kutokea. Ng'ombe wapatao 400,000 walikuwa wamechinjwa, na watu wanaokadiriwa kuwa 40,000 walikufa kwa njaa. Waxhosa waliwapa majina walioamini na wasioamini: walioamini waliitwa amathamba, yaani walio laini, na wasioamini waliitwa amagogotya, yaani walio wagumu. Majina hayo hayazungumzii ukweli wala uwongo wa utabiri. Yanazungumzia tabia ya mtu kwa jamii yake: aliye laini hukubali kutoa pamoja na wenzake, na aliye mgumu huzuia mali yake. Katika jamii ya aina hiyo mwenye shaka haonekani kuwa amekosea katika hoja. Anaonekana kuwa mchoyo, na wengine humlaumu kwamba ugumu wake ndio unaowachelewesha wafu.

Kutokana na mifano hii inawezekana kutofautisha sharti mbili. Tarehe humweka nabii rehani, kwa kuwa siku ikipita yeye ndiye atakayeulizwa. Amri ya kutenda jambo lisiloweza kutenguliwa humweka mfuasi rehani. Aliyekwisha kuchinja ng'ombe wake hawezi tena kuwa na shaka kwa bei nafuu. Kila siku inayopita huifanya shaka yake kuwa ghali zaidi, kwani kukiri kwamba utabiri haukuwa kweli ni kukiri kwamba watoto wake watalala na njaa bure. Ndiyo sababu imani huonekana kukua pale ambapo ingetarajiwa kupungua.

Wasabato na tumaini lisilo na tarehe

Mfano wa pili katika nchi hiyo hiyo unakwenda kinyume na huo. Huko Marekani, William Miller alikokotoa kutoka kitabu cha Danieli kwamba Yesu atarudi, na wafuasi wake hatimaye waliitaja siku: tarehe 22 Oktoba 1844. Baadhi yao waliacha mazao yao shambani bila kuyavuna. Siku ilipita. Katika kundi lililobaki baada ya fadhaa hiyo ndimo lilimotoka Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Kanisa hilo lilihifadhi tumaini lakini likaiacha tarehe. Tangu hapo mafundisho yake yamekuwa kwamba kuja kwa Yesu ku karibu, na kwamba siku wala saa haijulikani kwa mtu.

Mwaka 1906 Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo kutoka nchi inayoitwa leo Malawi, waliweka kituo cha Wasabato huko Gendia, kando ya Ziwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kazi hiyo ilikuwa imefika Nyanchwa, ubavuni mwa mji wa Kisii, na Kamagambo. Leo Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambamo Wasabato ni wengi sana. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, katika ibada za Jumamosi na katika makambi ya kila mwaka, watu hawa wamehubiriwa kwamba mwisho u karibu. Katika muda huo huo wamejenga shule na zahanati, wamesomesha watoto, na wamepanda chai, zao ambalo humchukua mkulima miaka mitatu hivi tangu kupanda hadi kuchuma na ambalo huendelea kutoa majani kwa miongo mingi.

Mtu wa nje anaweza kudai kwamba watu hawa hawaamini wanayoyasema. Dai hilo si sahihi. Neno "karibu" katika mahubiri hayo si kipimo cha muda. Ni wito wa namna ya kuishi. Kwa kuwa halina tarehe, halimlazimishi mtu kuuza shamba. Nchini humo ardhi ni haba. Kaunti hizo mbili zilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860 (Kisii) na 605,576 (Nyamira) mwaka 2019, na mashamba hugawanywa kwa kila kizazi. Anayeuza kipande chake kwa sababu ya utabiri humnyima mwanawe mahali pa kujenga. Imani isiyodai shamba imeweza kurithiwa pamoja na shamba.

Alama za shaka katika mazungumzo

Je, shaka nayo husemwaje? Mara nyingi watafiti wamelitafuta kanusho lililo wazi, na wasipolipata wakahitimisha kwamba watu wa jadi waliamini kila walichoambiwa. Ushahidi haukubaliani na hitimisho hilo. Mwaka 1937 E. E. Evans-Pritchard alionyesha kwamba Wazande walikuwa na shaka nyingi juu ya mganga huyu au yule, ingawa hawakuutilia shaka uganga wenyewe. Wanandi, walioko kaskazini mwa nchi ya Wagusii, walimuua kiongozi wao wa unabii, Kimnyole, mwaka 1890 baada ya maafa kuwapata. Jamii inayomwajibisha nabii kwa matokeo haiwezi kuitwa jamii isiyojua kuhoji.

Katika Kiswahili shaka ina vyombo vyake, navyo ni vidogo na vya adabu. Cha kwanza ni eti. "Sakawa atarudi" ni tamko. "Eti Sakawa atarudi" ni tamko lile lile ambalo msemaji ameliweka mkononi mwa mwingine. Cha pili ni kauli ya kutendeka au ya kutendwa isiyo na mtenda: "inasemekana", "imetabiriwa", "imefunuliwa". Kauli hii ina sura mbili. Kinywani mwa mwenye shaka humwezesha kusimulia bila kuwa shahidi. Kinywani mwa mhubiri humwezesha kuficha ni nani aliyefunua, lini na kwa nani. Kwa hiyo mchunguzi yeyote wa matini ya utabiri anapaswa kuuliza mtenda wa kila kitenzi cha namna hiyo.

Chombo cha tatu ni jibu fupi la msikilizaji: "Haya, tutaona." Kijana hawezi kumwambia mzee kwamba anasema uwongo, wala muumini hawezi kumkana mchungaji wake mbele ya watu. "Tutaona" haimkanushi mtu. Huliahirisha jambo, na huukabidhi wakati kazi ya kuhukumu. Lakini ina sharti moja, nalo ni kwamba asemaye awe na kesho ya kuonea. Mwenye shamba, chakula ghalani na watoto shuleni anaweza kusema "tutaona". Aliyekwisha kutoa vyote hana tena nafasi ya neno hilo.

Kanungu na Shakahola

Uzito wa jambo hili umeonekana mara mbili katika Afrika ya Mashariki katika muda usio mrefu. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea katika jengo lao la ibada, na makaburi mengine ya halaiki yakagunduliwa baadaye. Harakati hiyo, iliyoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, ilikuwa imewafundisha watu kwamba dunia itakwisha na mwisho wa mwaka 1999, na wafuasi walikuwa wameuza mali zao na kuikabidhi. Hapo sharti zote mbili zilikutana: tarehe ilitajwa, na gharama ilikuwa imekwisha kulipwa. Siku ilipopita, viongozi hawakuwa na jibu na wafuasi hawakuwa na nyumba za kurudia.

Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliomfuata mhubiri Paul Mackenzie. Zaidi ya miili 400 ilitolewa. Upande wa mashtaka ulidai kwamba watu hao walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Mackenzie alifikishwa mahakamani mwaka 2024 na akayakana mashtaka. Vyovyote mahakama itakavyoamua, aina ya amri inayodaiwa kutolewa inajulikana. Ni ile amri ya Mumbo iliyosukumwa hadi ukomo wake: pale ilitakwa mifugo, hapa inadaiwa kwamba ulitakwa mwili wenyewe, hivi kwamba hakubaki mtu wa kusema "tutaona".

Baada ya Shakahola sauti nyingi zilisikika zikilaumu imani katika mwisho wa dunia kwa jumla. Mfano wa Kisii na Nyamira unaonyesha kwamba lawama hiyo ni pana mno, na kwa sababu hiyo haina nguvu. Mamilioni ya Wakristo na Waislamu wa Afrika ya Mashariki wanaamini siku ya mwisho, na Jumatatu huenda kazini. Onyo lisilotofautisha imani hiyo na ile inayodai shamba, chakula au uhai wa mtoto halitasikilizwa na wale wanaohitaji kulisikia.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba utabiri wa mwisho hudumu kwa sababu ya umbo lake la lugha kuliko kwa sababu ya kutimia kwake. Kwamba wasikilizaji wa Kigusii na wenzao hawakukosa shaka, bali waliisema kwa njia za adabu zinazohitaji muda. Na kwamba hatari huingia pale maneno yanapomnyang'anya msikilizaji muda huo.

Kuna kazi inayowahusu wanaisimu moja kwa moja. Masimulizi ya Sakawa bado yanasimuliwa kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, na mahubiri juu ya siku za mwisho husikika kila wiki. Yapasa yarekodiwe yakiwa na tarehe ya kurekodiwa, lugha iliyotumika, na viambishi vya vitenzi kama vilivyotamkwa, ili siku za usoni ijulikane nini kilisemwa kabla ya tukio na nini kiliongezwa baadaye. Yapasa pia kurekodi majibu ya wasikilizaji: eti zao, kimya chao na "tutaona" zao. Walimu wa lugha katika shule za sekondari wanaweza kuwazoesha wanafunzi maswali matatu mbele ya matini yoyote ya utabiri: nani alisema na lini, siku gani imetajwa, na msikilizaji anatakiwa atoe nini ambacho hakitarudi. Maswali hayo hayamhitaji mwanafunzi kuacha dini yake. Yanamhitaji asome kitenzi mpaka mwisho wake.